Mstari wa Kumi

Shemeji alikuja Jumatatu asubuhi kuniambia kwamba ananipa mpaka Ijumaa. Alisimama mlangoni bila kukaa, akasema ikiwa mpaka siku hiyo ile liste, orodha ya majina ya kwenye simu, haijamwonyesha mke wake, atapanda gari la mizigo akamtafute mwenyewe, huko huko kwenye vita. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia liste si yangu, nimeikuta imeharibika, na kama anataka kufa aende leo, kwa nini angoje Ijumaa. Kisha nikamvutia kiti na kumtilia chai, kwa sababu huyo mke wake ni yaya wangu.

Kwetu Lubumbashi yaya si mlezi wa watoto. Yaya ni yule aliyekutangulia kuzaliwa, na mimi ninaye mmoja tu. Alinibeba mgongoni, alinichapa, alinifundisha kusuka nywele na kuwadanganya mapadri. Alipoolewa na mfanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini, mtu wa bidhaa za jumla na magari makubwa, mwenye kanisa lake lisilo letu la kikatoliki, baba yetu, ambaye alizaliwa na mfanyakazi wa reli kutoka kaskazini mwa Katanga, alinuna harusi nzima na kula peke yake. Wakahamia Goma. Shemeji alibaki na depo yake ya bidhaa huku katikati ya mji, akawa mtu wa ndege, leo huku, kesho kule.

Vita vilipoingia Goma, yeye alikuwa huku. Uwanja wa ndege ukafungwa, mabenki yakafungwa, na simu ya yaya ikawa ni yule mwanamke wa mtandao tu, anayesema kwa Kifaransa kwamba mteja hapatikani. Nilimchukia mwanamke huyo kwa moyo wangu wote. Jirani mmoja aliyebahatika kutupata kwa simu alituambia alimwona yaya akishuka kusini na kundi la wamama, amejifunga kitenge, mkononi mfuko mmoja. Baada ya hapo hatukusikia neno.

Sasa hiyo programu. Wafanyabiashara wa Kivu walioko hapa mjini waliungana na parokia kadhaa, wakamlipa fundi mmoja wa kompyuta awatengenezee programu ya simu ya kutafutana. Wazo lilikuwa zuri, sibishi. Kila mji ambako wakimbizi walikuwa wanafikia, Kalemie, Moba, Pweto na kwingineko, ulikuwa na waandikishaji wa kujitolea. Mtu akifika wanaandika jina lake, mahali alipo, na namba ya simu ya yule aliyempokea. Halafu wanamwambia asiondoke hapo, atulie, ndugu zake watamwona kwenye simu na kupiga. Huku kwetu ndugu anaifungua, anaanza kuandika jina, na kabla hajamaliza, orodha inashuka chini ya kidole chake ikimletea majina yanayofanana. Anagusa jina, anaona namba, anapiga. Ndivyo ilivyopaswa kuwa. Lakini fundi aliyeijenga alikuwa amekwenda zake nje ya nchi, ujumbe hajibu, na kitu kikaanza kufia mikononi mwa watu. Wakanitafuta mimi, ambaye miaka yote nimetengeneza programu za maduka ya dawa na depo za unga. Nilikubali kabla hawajamaliza kueleza.

Nilikuwa nafanyia kazi kwenye chumba cha nyuma ya duka la fundi cherehani, mtaa wa Kamalondo. Umeme ulikuwa unakwenda bila kuaga. Mwenye baa ya ng'ambo ya barabara aliniruhusu kuvuta waya kutoka kwenye jenereta yake kila alipoiwasha ili bia zipate baridi, kwa hiyo kila nilipoamka niliwaombea watu wa Kamalondo wawe na kiu mapema.

Kosa la kwanza nililolikuta lilinichekesha, kile kicheko cha mtu anayetaka kulia. Kwa mujibu wa ile programu, karibu wakimbizi wote walikuwa Ankoro. Ankoro, jamani! Mji mdogo kando ya mto, mbali na njia walizokuwa wanapita. Parokia zilikuwa zimeshaanza kukusanya unga wa kupeleka huko. Nikafungua matumbo ya programu nikaona: kile kisanduku cha mahali kilikuwa kinajichagulia chenyewe mji wa kwanza kwenye orodha, kwa kufuata alfabeti, na mwandikishaji aliyechoka, mwenye foleni ya watu wanaolia mbele yake, alikuwa anakiruka tu na kubonyeza sawa. Nikakiacha kitupu, nikakifanya kikatae kusonga mpaka mtu achague mwenyewe. Hilo halikunichukua hata muda wa kunywa chai. Kuwahamisha waliokwisha kuandikwa Ankoro ndiko kulikonitoa jasho, maana ilibidi waandikishaji wapigiwe mmoja mmoja, wakumbuke nani walimwandika wapi, na niligombana nao wote mpaka sauti ikakauka.

Jumanne shemeji alikuja tena. Alikaa kwenye kigoda pembeni yangu, simu yake mkononi, akawa anaandika jina la yaya na kuguna. Nikamuuliza anaguna nini. Akasema liste inamkimbia: akitaka kuligusa jina, inafungika. Nikamwambia vidole vyake vizito, amezoea kuhesabu magunia. Kwenye simu yangu orodha ilikuwa inatii vizuri tu. Aliendelea kuguna mpaka nikamnyang'anya simu kwa hasira, nikajaribu mwenyewe, na kweli, nilipogusa jina, orodha ikatoweka na kisanduku kikabaki na zile herufi chache nilizoandika. Nikaazima simu ya fundi cherehani, ile ya kioo kilichopasuka. Hivyo hivyo.

Nusu ya siku nililaani kila kitu chenye skrini. Shida ilikuwa hii: ukigusa nje ya kile kisanduku cha kuandikia, kibodi inajifunga. Kibodi ikijifunga, kisanduku kinadhani umekiacha, kinaifunga na orodha yake. Kwenye simu yenye nguvu kama yangu mguso unawahi. Kwenye simu za watu wa kawaida orodha inakufa kwanza, kidole kinafika na kukuta hakuna kitu. Watu waliokuwa wanatafuta mama zao walikuwa wanagusa hewa. Nikaiamuru orodha ingoje mguso umalizike ndipo ifungwe, nikampa shemeji simu yake. Akaandika, akagusa, jina likakaa. Alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile, halafu akaangalia lile jina na mji wake, akaona si mke wake.

Hapa lazima nieleze alivyokuwa anaandika. Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake la kuzaliwa linawekwa kando. Anakuwa Mama wa fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Kumwita vinginevyo ni kumvunjia heshima. Hata mume wake hathubutu, hasa mbele za watu. Mtoto wa yaya alibatizwa kwa jina la mtakatifu ambalo kila familia ya kikatoliki ya huku inalo. Hakufikisha hata umri wa kuanza shule, homa ikamchukua. Jina likabaki kwa mama yake. Hajazaa tena, na hakuna aliyethubutu kumvua jina hilo, wala yeye mwenyewe asingekubali. Kwa hiyo shemeji alikuwa anaandika Mama, halafu jina la mtoto wao aliyekufa, halafu anangoja. Nilimtazama akifanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Kila mara midomo ilikuwa inatembea kidogo, kana kwamba anamwita.

Jumatano nilishughulika na wazimu mwingine. Unaandika jina zima, sawa sawa, na orodha inakuletea watu ambao hukuwauliza kabisa. Nilidhani nimerogwa. Kumbe kila herufi unayoandika inatuma swali lake kwenye mtandao, na mtandao wetu mnaujua. Jibu la herufi ya kwanza linachelewa njiani, linafika baada ya jibu la jina zima, na linakaa juu yake. Mtu anaona majibu ya swali alilokwisha kuliacha. Nikaifundisha programu itupe kila jibu lililochelewa. Kuisimulia tu kazi hiyo kunaifanya ionekane kitu chepesi. Jenereta ilizimika mara kwa mara, kompyuta ikafa na kazi ambayo sikuwa nimeihifadhi, nikapiga meza mpaka fundi cherehani akaja kuniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia bado.

Alhamisi orodha ilikuwa imetulia. Haikimbii, haichanganyi, haijifichi chini ya kibodi. Nilijaribu kila jina la uongo nililoliweka kwa majaribio, likatoka. Nikampigia shemeji aje. Tukakaa wawili, simu katikati yetu. Akaandika Mama na jina la mtoto. Wakashuka wamama kadhaa wenye jina hilo. Tukamgusa kila mmoja. Huyu ni mzee wa Moba. Huyu ana watoto sita. Huyu namba yake ni ya mtu wa Kalemie, tukapiga, akatupa mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza, si yaya. Mpaka wa mwisho chini kabisa, bibi mmoja aliyebaki ameandikwa Ankoro kwa lile kosa la kwanza, ambaye namba yake haikuita. Chini yake palikuwa peupe.

Shemeji akasema tuchague mji mmoja mmoja. Tukachagua Kalemie, hakuna. Moba, hakuna. Pweto, hakuna. Programu iliandika vizuri kabisa, kwa herufi za kijivu, kwamba hakuna aliyepatikana. Mimi nikaandika jina la yaya la kuzaliwa, lile la ubatizo, na shemeji akageuza uso pembeni kwa aibu. Hakuna. Nikaandika na la baba yetu. Hakuna.

Nilimsihi. Sitaki kusema uongo, nililia mbele yake, mimi ambaye silii. Nilimwambia waandikishaji wanaongeza majina kila siku, labda yaya bado yuko njiani, labda amelala mahali pasipo na mtandao, angoje wiki moja tu. Alinisikiliza mpaka mwisho, mtu mwenye adabu, kisha akaniuliza kama hiyo liste sasa ni nzima. Nikamjibu kwamba ni nzima. Ndivyo nilivyoamini. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Ijumaa nilimfuata kwenye depo yake mjini. Gari lilikuwa limepakiwa unga na sabuni za Kalemie, turubai limefungwa, dereva anakagua magurudumu. Ile ni barabara ya kupanda kaskazini na mto Luapula, inapita Pweto, inaendelea Moba, inafika Kalemie. Huko angetafuta boti ya kumvusha kaskazini. Nilimpa mikate na dawa za malaria. Nikamshika mkono wa koti kama mtoto. Akautoa mkono wangu polepole.

"Shemeji," akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kivu, "mashini imeshaniambia hapana. Mi nakwenda kuuliza batu."

Jumapili nilikwenda kwenye ukumbi wa parokia baada ya misa. Kulikuwa na meza ya simu, wamama wamepanga foleni kusaidiwa kutafuta, na wakubwa wa ule umoja wa wafanyabiashara na parokia walitaka nione kama marekebisho yangu yanafanya kazi mikononi mwa watu. Sikuwa na hamu hata kidogo. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nyuma na sura ya mtu aliyemeza shubiri, nikimtazama mama mmoja anavyotafuta dada yake. Aliandika Mama. Akaandika jina la mtakatifu lile lile la yaya. Nimesema ni jina la kila nyumba. Orodha ikashuka. Akasema huyu si yeye, huyu si yeye, akashuka nayo mpaka chini, akafika kwa yule bibi wa Ankoro. Chini yake peupe. Akarudisha simu, akasema basi, hayupo, na akaanza kufunga kanga yake aondoke.

Akaja mama wa pili, anamtafuta binti yake. Naye aliandika Mama na jina hilo hilo. Orodha ikashuka, na aliyekuwa mwisho ni yule yule bibi wa Ankoro.

Niliinuka. Kuanzia Alhamisi mpaka Jumapili waandikishaji walikuwa wameongeza watu, nilijua hivyo kwa sababu niliwagombeza ili waongeze. Jina la mtakatifu yule, katika nchi yetu, haliwezi kukaa siku zote hizo bila kupata mama mwingine. Sasa kwa nini orodha inaishia kwa yule yule? Nikamwomba mama wa pili simu, nikahesabu kwa kidole. Kumi. Nikaandika Mama na jina lingine la kawaida. Kumi. Jingine. Kumi.

Nikafungua kompyuta pale pale kwenye benchi la kanisa. Sababu haikuwa imefichwa hata kidogo. Nilikuwa nimeipita mara nyingi bila kuitilia maanani: mstari mmoja mfupi unaoiambia mashine kuu inayotunza majina ilete kumi wa kwanza, basi. Fundi aliyejenga alikuwa ameandika na maelezo pembeni kwamba amefanya hivyo ili watu wasimalize mega zao za intaneti. Aliwahurumia. Alidhani kila mtu ataandika jina lake la kipekee, kama kwenye vitabu vya kufundishia, na kumi watatosha na kubaki. Nami nilijaribu kwa majina ya uongo niliyoyatunga, kila moja la kwake peke yake, kama vitabu hivyo hivyo. Lakini hakuna mama wa huku anayeandikishwa peke yake. Anaandikishwa na mtoto wake, na watoto wetu wanagawana watakatifu wachache. Kumi waliotangulia kufika ndio waliokuwa wanaonekana. Waliofika baada yao hakuna aliyewaona. Na ule uchaguzi wa mji ulikuwa mbaya zaidi, kwa sababu programu ilichukua kumi kwanza, halafu ndipo ikaondoa wasio wa mji huo. Ukichagua Pweto na katika wale kumi hakuna wa Pweto, inakuambia Pweto hakuna mtu.

Nikaufuta ule mstari. Nikakosea kuandika neno la siri, nikarudia. Nikaweka orodha iendelee kuleta kadiri mtu anavyoshuka, na mji uchaguliwe kule kule kwenye mashine kuu kabla ya chochote. Kisha nikaandika kwenye simu ya yule mama, bila kumuuliza, Mama na jina la mtoto wa yaya. Orodha ikashuka, ikapita bibi wa Ankoro, ikaendelea kushuka. Wamama walinizunguka. Mmoja akapiga kelele kwa sababu alimwona wa kwake kabla sijafika kwa wa kwangu. Mimi nilichagua Pweto. Walikuwa watatu. Wa pili alikuwa na maelezo ya mwandikishaji: mke wa mfanyabiashara mwenye depo Lubumbashi, anamngoja mume wake. Alikuwa ameandikishwa siku nyingi kabla ya ile Jumatatu.

Namba ilikuwa ya muuza samaki wakavu. Nikajitambulisha, akaniambia ngoja, nikasikia anaita, nikasikia miguu, halafu yaya akasema alo. Nikaibana simu sikioni. Akasema tena alo, akanitaja kwa jina la utotoni ambalo yeye peke yake analitumia, akaniuliza mbona tumekawia hivyo. Hakuwa amekasirika. Simu yake ilinyang'anywa njiani na namba zote zilikuwa humo. Alituma vikaratasi kwa madereva, hakuna kilichofika. Lakini aliandikishwa, akaambiwa asiondoke pale, akatii. Akaniambia mume wake asihangaike kuja, yeye atapanda gari lolote la samaki na kushuka mwenyewe.

Nikamwambia shemeji yuko safarini kidogo.

Nilimpigia shemeji kutwa nzima, na yule mwanamke wa mtandao akanijibu kutwa nzima. Nikampigia dereva. Nikampigia kila mtu mwenye depo Kalemie ambaye shemeji aliwahi kumtaja. Kuna wakati unaomba kitu kidogo kabisa, mnara mmoja wa simu mahali fulani katika pori, na hakuna. Nilitembea kutoka Kamalondo mpaka depo na kurudi, na kwenda tena, kwa sababu kukaa kulinishinda.

Dereva alirudi kabla yaya hajafika. Nilimkuta depo anakunywa chai, macho mekundu kwa vumbi. Alinieleza bila kujua anachonieleza. Shemeji alishuka Kalemie na jioni ile ile akapata boti ya kwenda kaskazini, iliyokuwa ya mwisho kwa sababu baada ya hapo watu wa boti waligoma kwa kuogopa risasi. Tangu hapo hakuna aliyemsikia. Nikauliza Pweto walipita lini. Akasema walifika Pweto Jumamosi usiku, mvua inanyesha, springi ya gari imelegea, wakalala ndani ya gari kando ya soko la samaki. Alfajiri yeye dereva alimshauri shemeji wangoje soko lifunguke, waulizie, maana wakimbizi walikuwa wengi pale. Shemeji akakataa. Akasema Pweto wasipoteze muda, Pweto shemeji yake ameshaitafuta kwenye liste.

Nilikaa chini, kwenye magunia. Dereva akaniuliza kama naumwa.

Yaya alifika na gari la samaki, amekonda mpaka shingo imekuwa ndefu, ananuka moshi na chumvi. Alinicheka kwa kuwa nilikuwa nalia. Nikampeleka nyumbani, akaoga, nikampikia bukari, ugali wa kwetu, na sombe ya majani ya mihogo, akala taratibu kama mtu anayejifunza upya. Kila gari lililopita nje aliinua kichwa. Mwishoni ikabidi nimwambie kwamba mume wake alikwenda kumtafuta. Aliweka tonge chini. Nilijua anachowaza, namjua toka tumboni: alikuwa anapima kama nguvu zake zinatosha kupanda gari kesho asubuhi kumfuata. Nikasema haraka kwamba boti zimesimama, hakuna pa kupita, tungoje.

"Alipita njia gani?" akaniuliza.

Mimi ndiye niliyekuwa nimekesha na kugombana ili ile programu imwonyeshe kila mtu kila kilichomo.

"Alipanda treni," nikamwambia. "Ile ya Kamina, inatokeza Kalemie."

Akapumua.

"Afazali," akasema. "Kama angepita kwa Pweto, ningemuona. Kila gari yenye ilisimama pale nilitoka kuangalia. Ni ile wiki moja tu ya malaria, kabla ya simu yako, njo sikutoka."

Akachukua tonge lake tena. Nikainuka, nikamwongezea sombe.